Salamu Ndefu kwenye Diski ya Juu

Jumatatu, 14 Juni 1976

Siku kubwa! Bwana Yusufali, meneja wetu, alitukusanya saa mbili kamili akatangaza mambo mawili. La kwanza: Ijumaa hii mkubwa mmoja wa wizara anakuja kutoka Nairobi kuiona kompyuta yetu ikifanya kazi. La pili: mgeni akishaondoka, atatajwa Opereta Mkuu. Opereta Mkuu anapewa ufunguo wa chumba cha kompyuta na koti jeupe la mifuko mitatu.

Maopereta tuko wawili tu. Mimi, Kiprugut. Na Jelagat.

Koti ni langu. Nimeshalijaribu. Mikono ni mifupi kidogo, lakini nikitembea huku nimeweka mikono nyuma hakuna atakayejua.

Nieleze ofisi yetu, maana shajara hii itasomwa na wajukuu. Sisi ni Rejista ya Ng'ombe wa Bonde. Mtu akiwa na ng'ombe wa gredi, yaani wa mbegu ya kigeni, awe wa Njoro, Lanet au Kiamunyi, anatuletea jina la ng'ombe huyo, la mama yake, la baba yake na la nyanya yake. Yote yanatobolewa kwa matundu kwenye kadi, na kadi zinaingizwa kwenye kompyuta. Ng'ombe asiye kwenye orodha yetu hakanyagi Maonyesho ya Kilimo, hata awe anatoa maziwa ndoo tatu. Mwaka huu wako elfu moja mia moja na arobaini. Orodha yao lazima ifike uwanjani Ijumaa kabla ya saa kumi jioni.

Kompyuta ina diski mbili, kila moja pana kama sinia la pilau. Ya chini ina ng'ombe. Ya juu ina mfumo, yaani maagizo yanayoiambia kompyuta kwamba yenyewe ni kompyuta. Ya juu ikiharibika, ng'ombe wa chini wamo bado, lakini hakuna wa kuwafungulia zizi. Kwa hiyo ya juu ina swichi ya zuio. Zuio likiwashwa, taa nyekundu inawaka, na mashine inaweza kuisoma diski lakini haiwezi kuandika chochote juu yake. Fundi Harbans Singh wa Nairobi ameifunika swichi hiyo kwa plasta ya kidonda na kuandika kwa kalamu: USIGUSE.

Jelagat ana kitabu cha zamu. Anaandika kila kitu. Leo nimechungulia: "Saa 2:40. Kiprugut amevaa koti la Opereta Mkuu. Saa 2:44. Amevua." Mtu wa namna hii unaishi naye vipi?

Jumanne, 15 Juni

Nimepata wazo! Nimepata! Nilikuwa nakunywa chai likanijia lote zima, na kikombe nikakisahau.

Kila asubuhi kompyuta ikiamka inachapa neno moja kwenye karatasi: READY. Basi. Miaka miwili nimelitazama neno hilo, na leo ndio nimeona aibu yake. Mgeni anatoka Nairobi, anafika na vumbi la njiani, halafu mashine inamwambia READY. Hakuna hujambo, hakuna karibu. Bunge lenyewe siku hizi linasema Kiswahili! Na sisi watu wa Nakuru tumfanyie mgeni hivyo?

Nikakifungua kitabu cha fundi. Ukurasa wa 212 unaeleza namna ya kubadili maneno yaliyo kwenye diski ya juu. Rahisi mno. Jambo la kwanza ni kuzima zuio. Ukurasa wa 213 una maonyo. Nitausoma siku yenye nafasi.

Saa saba Jelagat akaenda kula. Plasta ilikuwa imeshika kweli kweli. Nikaifukizia mvuke wa chai kutoka kwenye thamosi mpaka ikalegea. Nikabonyeza. Taa nyekundu ikazimika. Moyo ulinienda mbio kama wa mwizi, na mimi si mwizi, mimi ni mwenyeji.

READY ina herufi tano. Nikatafuta salamu ya herufi tano. SALAM! Nikaiandika, nikawasha zuio tena, nikaizima mashine na kuiwasha. Ikachapa: SALAM. Nilicheza peke yangu chumbani, nusura nimwage chai kwenye mashine ya kutoboa kadi.

Jelagat aliporudi aliona neno jipya. Akaniuliza kama nimegusa zuio. Nikamwambia mambo mengine ni ya kiwango cha juu kidogo. Akaandika.

Jioni nikamsimulia Mama Rahab, mwenye nyumba wangu huku Kiamunyi. Alikuwa anamkamua Malkia, ng'ombe wake wa pekee, ambaye mwaka huu anaingia Maonyesho kwa mara ya kwanza. Nilitegemea pongezi. Aliacha kukamua, akanitazama.

"Salam peke yake? Kwa mgeni wa serikali? Kijana, hata huyu Malkia mimi namsalimu zaidi ya hapo."

Akasema salamu ya neno moja ni ya watu wanaopishana njiani na hawapendani. Mgeni anaulizwa habari za safari, za watoto, za mifugo, ndipo anakaribishwa. Nimeumia. Lakini anasema kweli, na kweli ikisemwa mimi naipokea haraka.

Jumatano, 16 Juni

Nimeandika salamu! Salamu yenyewe hasa! Hii hapa:

HAMJAMBO MHESHIMIWA NA WENZAKO, HABARI ZA SAFARI, HABARI ZA WATOTO, HABARI ZA MIFUGO, KARIBUNI NAKURU, NI MIMI KIPRUGUT.

Nimehesabu herufi, koma na nafasi: mia moja na ishirini. Nafasi iliyokuwapo ni ya herufi tano. Lakini nilipotazama kinachofuata baada ya neno SALAM kwenye diski, nikakuta namba tu. Safu na safu za namba. Hakuna hata neno moja la maana. Nikaandika juu yake. Mashine haikulalamika. Ingekuwa na neno si ingesema?

Jina langu nimeliweka mwisho kwa unyenyekevu.

Ndipo nikasikia viatu vya Jelagat kwenye ukumbi. Amerudi mapema, ati chakula cha mchana hakimpendezi siku hizi. Sikuwahi kuliwasha tena zuio. Nikairudisha plasta, haikushika, ilikuwa imekwisha gundi kwa mvuke wa jana. Nikachukua kipande cha ugali kwenye sahani yangu nikakisaga kwa kidole, nikaibandikia. Ugali ni gundi tangu tukiwa shule ya msingi. Ukashika barabara.

Jelagat akauliza mbona taa nyekundu haiwaki. Nikamwambia balbu imekufa. Akaandika: "Saa 7:25. Taa ya zuio haiwaki. Kiprugut anasema ni balbu." Kisha akakaa akaandika barua ya kuagiza balbu Nairobi. Nilimwonea huruma kidogo.

Kuijaribu salamu sikuweza, kwa sababu baada ya hapo mashine ilipanga ng'ombe wa Njoro mpaka jioni. Si neno. Kesho Bwana Yusufali anataka mazoezi ya kumpokea mgeni. Ataiona ikiwa mbichi.

Jioni Mama Rahab ameniuliza kama Malkia yumo kwenye orodha. Nikamwambia asiwe na wasiwasi hata kidogo, orodha iko mikononi mwangu.

Alhamisi, 17 Juni

Niandike kwa mpangilio.

Saa tatu. Bwana Yusufali amesimama mahali atakaposimama mgeni, tai imenyooka. Mimi kwenye swichi kubwa. Jelagat na kitabu chake. Nikawasha. Mashine ikavuta pumzi, ikaanza kuchapa. HAMJAMBO MHESHIMIWA NA WENZAKO! Mpaka mwisho! Bwana Yusufali alishika kifua. Akasema ni jambo zuri sana, akasema hakujua kwamba mashine ina adabu hivi. Akaniita "Kiprugut wangu". Nililiona koti likija.

Mashine ikamsalimu mara ya pili. Akacheka. Mara ya tatu akaitikia, njema. Mara ya tisa akaniambia sasa inatosha, tuchape orodha.

Nikaandika amri ya orodha. HAMJAMBO MHESHIMIWA. Nikaiandika tena. HABARI ZA WATOTO. Karatasi ilikuwa inamiminika sakafuni, imefika kwenye viatu vya meneja. Kumbe zile namba ndizo zilizokuwa zikiiambia mashine inyamaze, isikilize mtu anataka nini. Nilikuwa nimeandika salamu juu ya masikio yake.

Sikukata tamaa. Kwenye kabati la chuma kuna diski ya akiba, pacha wa ile ya juu. Nikaichomoa ya juu. Mashine sikuizima, kwa sababu kuizima mbele ya meneja ni kukubali kwamba kuna kosa. Jelagat akasema, sauti yake ya kawaida kabisa, "Ngoja kwanza nione zuio." Akakaribia. Kwenye plasta kulikuwa na msururu wa sisimizi, wamekuja kula ugali. Akasimama akiwatazama. Nami nikaitumia nafasi hiyo kusukuma diski ya akiba ndani.

Mashine ilikuwa bado imepagawa, na zuio limezimwa. Ikaandika wazimu wake wote kwenye diski ya akiba. Kwa muda wa kumeza mate, tulikuwa na diski mbili za mfumo zinazojua kitu kimoja tu, kumuuliza mtu habari za mifugo.

Jelagat alibandua plasta. Akaona swichi. Aliangalia saa ya ukutani, akaandika: "Saa 3:31. Sisimizi kwenye zuio. Zuio limezimwa. Diski ya akiba imekufa." Mimi nilikuwa nalia kidogo, lakini kwa ndani.

Tukapiga simu Nairobi. Bwana Yusufali akanipa mkono wa simu nieleze mwenyewe. Fundi Harbans Singh alisikiliza. Akauliza, "Zuio lilikuwa limewashwa?" Nikaanza kumweleza habari za Bunge na Kiswahili. Akasema, "Bwana, nimeuliza kitu kimoja." Nikamjibu. Akaniomba nirudie, na simu ya mbali inalipiwa kwa dakika. Kisha akasema diski nyingine hawezi kuifikisha kabla ya Jumatatu.

Orodha ni kesho saa kumi. Bila orodha hakuna ng'ombe hata mmoja anayeingia uwanjani. Bwana Yusufali aliketi juu ya rundo la salamu, akafungua tai. Hakunitukana. Ningeona afadhali anitukane.

Ijumaa, 18 Juni

Jelagat ana masanduku manne ya bati. Sikujua. Miaka miwili, kila kadi ya matundu tuliyoingiza kwenye kompyuta, badala ya kuitupa, aliiweka kwenye sanduku. Juu ya kila kadi amepiga kwa taipureta jina la ng'ombe na la mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini alihifadhi takataka. Akajibu kwamba alikuwa ananisubiri mimi. Sikuelewa maana yake.

Tangu saa kumi na mbili asubuhi tuko sakafuni. Kadi elfu moja na zaidi zimetandazwa chini, Njoro dirishani, Lanet mlangoni, Kiamunyi chini ya meza. Bwana Yusufali amepiga magoti na suruali yake ya pasi. Wafugaji waliokuja kuchukua vyeti vya ng'ombe wao wameingizwa nao wapange. Mama Rahab kaja na birika la chai. Sanduku moja halikuwa na kifuniko, na panya walikuwa wametafuna kadi kumi na saba. Hapo ndipo nilipoona ajabu. Wafugaji wenyewe walisimama mmoja mmoja wakataja ukoo kwa kichwa: huyu ni wa fulani, mama yake alikuwa mwenye doa kwenye paji, nyanya yake alinunuliwa kwa Mzungu mwaka ule wa mvua kubwa. Hawakukwama hata mmoja. Jelagat alikuwa anapiga taipureta kama mvua kwenye mabati.

Mimi nilipewa kazi ya kutoa karatasi za salamu nje. Nilitoa nusu. Nusu nyingine nilikunja vizuri nikaweka mahali.

Saa tisa ikaja simu kwamba gari la mgeni limeshapita Lanet. Hofu! Bwana Yusufali akasema tuzime taa tujifanye hatupo. Lakini mgeni alikuwa ameshafika mlangoni. Akakuta mashine imezimwa na watu ishirini wamekaa sakafuni, mama mmoja akimmiminia meneja chai.

Mwenyeji halisi hujulikana siku ya shida. Nikajitokeza nikampa salamu zake zilizokunjwa, mita kama kumi na tano. Akafungua. Akasoma. Akaendelea kufungua mpaka zikagusa chini.

"Hii yote ilikuwa inanisalimu mimi?"

Nikasema ndiyo, Mheshimiwa, na bado kuna nyingine nje. Akacheka mpaka akavua miwani. Akasema huko wizarani mashine haijawahi kumuuliza hali ya watoto. Akakata kipande, akatia mfukoni. Mafanikio!

Kisha akaomba kuona orodha. Jelagat akatoa ukurasa wa mwisho kwenye taipureta, akaunganisha zote, akamkabidhi. Ng'ombe elfu moja mia moja na arobaini. Saa tisa na nusu. Mgeni akaziangalia kadi zote pale chini, akauliza hili la kadi ni wazo la nani. Watu wote wakamwonyesha Jelagat. Hata mimi, mkono wangu ulinyanyuka wenyewe.

Alipoondoka, Bwana Yusufali aliomba kitabu cha zamu. Akakisoma kuanzia Jumatatu. Nilikuwa nimeandaa maelezo kuhusu umeme wa Nakuru usiotabirika, lakini jina langu lilikuwa limechapwa kwenye karatasi zile mara mia nne hivi. Akafunga kitabu, akachukua koti, akampa Jelagat. Mikono imemtosha kabisa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Mimi nimebaki kazini. Kazi yangu sasa ni kupangusa vumbi na kupanga kadi. Kompyuta naruhusiwa kuitazama.

Jumamosi, 19 Juni

Maonyesho. Malkia amekuwa wa tatu kati ya ng'ombe wa wafugaji wadogo! Amefungwa utepe wa njano. Mama Rahab alilia waziwazi mbele ya majaji, akamfuta Malkia uso kwa leso yake mwenyewe. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Kwa kiasi fulani ni ushindi wangu pia, kwa kuwa mimi ndimi mpangaji wake.

Tukiwa njiani kurudi, Malkia mbele, Mama Rahab akaniuliza kama nimemuomba Jelagat msamaha. Alijua kila kitu. Nikamwambia nilimwambia sorry. Akasimama.

"Sorry ni ya kumkanyaga mtu mguu. Huyu binti ameokoa ng'ombe wa wilaya nzima. Msamaha unakaliwa chini, unasemwa wote, unataja ulichokosa."

Nikamfuata Malkia mpaka Kiamunyi. Nimeona haya, naandika hivyo bila kujificha. Mama Rahab angenyimwa utepe ule, na ningekuwa mimi niliyemnyima. Lazima niombe msamaha, na uwe msamaha wa kweli.

Jumatatu, 21 Juni

Fundi Harbans Singh amefika na diski mbili mpya. Amenitazama kwanza, kisha mashine, kama daktari anayetaka kujua nani mgonjwa. Akaniketisha akanieleza polepole. Zuio halikuwekwa kwa sababu mashine ni dhaifu, limewekwa kwa sababu mtu ana haraka. Ukilizima, diski haijui tena adui ni nani. Inaandika ukitakacho na usichokitaka vilevile. Na diski ya akiba kamwe haiingii kwenye mashine inayoumwa. Nikaitikia kwa kichwa kila neno. Nilimwambia nimeelewa, na nilikuwa nimeelewa.

Kisha akafunga kifuniko cha chuma juu ya swichi, na kufuli. Ufunguo anauvaa Jelagat shingoni. Kompyuta ikaamka. Ikachapa READY. Watu wote wakapumua.

Jelagat alinipitishia kikombe cha chai. Angeninunia ingekuwa rahisi zaidi.

Jumanne, 22 Juni

Msamaha nimeuandika! Nimekaa nao tangu alfajiri. Unaanza na salamu kwa Jelagat, unapita kwa Bwana Yusufali, kwa fundi, kwa wafugaji wote kwa mitaa yao, unataja ugali, unataja balbu, unamalizia kwa jina langu. Ni msamaha mzuri kuliko wote niliowahi kusikia. Herufi mia tatu na arobaini.

Kuusema kwa mdomo siwezi. Nitaanza kulia katikati, au mtu atanikatiza. Msamaha wa namna hii unatakiwa kumngojea mtu asubuhi anapofungua mlango, mashine yenyewe iliyokosewa imtamkie, mbele ya watu wote. Hebu fikiria uso wa Jelagat!

Kufuli la fundi ni imara, sikatai. Lakini bawaba za kifuniko zimefungwa kwa skrubu mbili, na skrubu ziko upande wa nje. Fundi mzima!

Kesho mchana Jelagat anapeleka vyeti Njoro. Bisibisi nimeshaazima kwa jirani. Ugali sitatumia tena, nimejifunza. Nimenunua gundi halisi ya dukani.

Ukurasa wa 213 nitausoma nikishamaliza.